Hatua za Baba

Jumanne, 4 Machi

Goti tena. Wiki ya sita sasa. Fizio, yule mtaalamu wa viungo, kanipandisha kwenye mashine ya kukimbilia, akanirekodi kwa simu kutoka ubavuni. Akasimamisha picha: mguu uko mbele kabisa, kisigino kinatangulia kugonga, goti limenyooka kama fimbo. Akasema unajiumiza mwenyewe, dada. Hatua ndefu mno kwa kimo chako. Nani alikufundisha?

Nikasema hakuna. Uongo mtupu.

Alhamisi, 6 Machi

Baba ndiye alinifundisha. Asubuhi baada ya mvua, uwanja wa shule, yeye mbele na kaptula yake ya bluu iliyopauka, mimi nyuma. Nina miaka minane. Kazi yangu ilikuwa kukanyaga palepale alipokanyaga yeye kwenye tope, nisikose hata alama moja. Naruka kama mbuzi! Nikizipatia zote ananiita "mwenzangu". Kwa neno hilo ningekimbia mpaka kesho yake. Natamani asubuhi zile, hata tope lake.

Kumbe mwili unakariri. Miaka thelathini na moja imepita, bado nafukuza hatua za mtu mrefu.

Jumatano, 19 Machi

Hatua fupi, za haraka, mguu utue chini ya nyonga. Simu inapiga tik tik, kila mlio hatua moja — mara 168 kwa dakika. Mwanzo nilikuwa 156. Najiona kama mtu anayewahi choo. Mume wangu kaja kunitazama kwenye mashine, kacheka mpaka kakaa chini. Eti mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Lakini goti limenyamaza. Kilomita tatu, kimya.

Nilipaswa kufurahi. Nimelia bafuni. Fizio kasema nisichanganye: nikizirudia hatua za zamani, maumivu nayo yatarudi, na safari hii huenda nisikimbie tena. Sawa. Ila zile ndizo nilizopewa na Baba.

Jumapili, 30 Machi

Baba kataka kuja uwanjani. Ana sabini na mbili, hajaniona nikikimbia miaka mingi. Nikamketisha kwenye benchi.

Raundi ya kwanza nikapita mbele yake na hatua ndefu, zake. Akapunga mkono, uso umemchangamka. Goti likanichoma hapohapo. Raundi ya pili nikashindwa kuendelea kuigiza. Hatua fupi. Hakupunga.

Nikakaa naye, nikamweleza yote: video, tik tik, kisigino. Anasugua goti lake la kulia. Siku zote alituambia aliacha kukimbia kwa sababu ya kazi.

— Haikuwa kazi, akasema. Ni hili goti. Sikutaka mjue.

Tukarudi nyumbani kwangu. Tulipofika mlangoni ndipo akauliza, bila kunitazama, kama na yeye angefundishwa hivyo, je, angekuwa anakimbia mpaka leo?

Nikasema ngoja nioge kwanza. Yuko sebuleni, anasubiri. Mimi niko bafuni, maji hata sijafungulia.