Walinzi Wanaozaliwa Kila Siku

Tarehe 2 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto. Mimi ni mzima, nimepungukiwa usingizi tu, nao naukimbia mwenyewe. Mchana natengeneza kompyuta za watu. Jioni mimi na mchoraji wangu tunajifungia kwenye kile chumba cha juu ya duka la rangi, tunamalizia gemu yetu. Feni ni moja, kwa hiyo tumeielekezea kompyuta, sisi tunajipepea kwa makaratasi.

Gemu ni ya simu, na yote yaliyomo ni ya mwili wa kweli. Daktari mmoja wa figo anatusahihisha kama mwalimu wa hesabu. Mchezaji ndiye msimamizi wa mwili wa mtu. Chembe nyeupe za damu ni walinzi wake. Siku moja anaingia mgeni: figo iliyotoka kwa mtu mwingine. Mgeni huyo unamjua, alihama ubavuni kwangu miaka saba iliyopita akaja kwako. Nimekutumia ucheze hatua yake, uniambie panapokera. Usinionee haya.

Mdogo wako

Tarehe 16 Machi

Mdogo wangu, fundi kompyuta wetu,

Barua hii ikukute salama, kama inavyoniacha mimi kwa neema ya Mungu. Naandika barua nzima kwenye simu maana vile vijiujumbe vyenu vya maneno matatu naviona kama kumpita mtu barabarani bila kumsalimu. Wifi yako hajambo, anasema feni ya pili inauzwa madukani.

Kazi ipo. Shule mpya inakaribia kufunguliwa hapa mtaani, sare zimenifika kidevuni. Na nina la kumshukuru Mungu: mikono imeacha kutetemeka. Unakumbuka uzi ulivyokuwa unanishinda kuuingiza kwenye sindano, hadi namwita wifi yako, naye anauliza mbele ya wateja fundi ni nani kati yetu? Sasa nauingiza mwenyewe, tena kwa maringo.

Gemu nimecheza. Mwanzo wake nimeupenda mno. Mgeni anafika, njia za damu zinafunguka, mwili unapata rangi. Machozi yalinitoka pale pale kwenye cherehani, mteja akadhani nimepata habari za msiba.

Lakini pana kosa. Mgeni amekaa miaka kwenye huo mwili, anafanya kazi usiku na mchana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe hajaliweka chini tangu afike, basi si mgeni tena. Kwa hiyo nikaanza kuwapunguzia walinzi ile dawa ya kuwatuliza, kidogo kidogo. Kila nikifanya hivyo wanamrukia, mwili unazima. Nimeshindwa hadi wifi yako ananicheka. Rekebisha hapo. Mtu akipewa kitu na Mungu, kukilinda kwa dawa maisha yake yote ni kama haamini kwamba amepewa.

Nakuombea kila alfajiri.

Kaka yako

Tarehe 16 Machi, jioni

Kaka,

Leo sikusalimii. Nimekupigia hupokei, najua ukishona simu unaifungia kwenye droo. Nimempigia wifi, yuko njiani kuja dukani kwako.

Mikono yako ilikuwa inatetemeka kwa sababu ya vidonge vya kuwatuliza walinzi wako. Kama imetulia, umevipunguza. Usinijibu. Nenda hospitali sasa hivi wakupime damu.

Gemu haina kosa, kaka. Walinzi huzaliwa wapya kila siku ndani ya mifupa. Hawa wa leo hawakuwepo tulipomkaribisha mgeni. Kwao amefika asubuhi hii.

Mdogo wako

Tarehe 24 Machi

Kaka yangu,

Pole sana. Wifi atakusomea hii hapo kitandani. Ameniambia walinzi walikuwa wameshaanza kuishambulia figo, kwamba unachomwa sindano, na daktari hasemi itapona wala hasemi imekufa.

Hapa kazi imesimama. Mchoraji anataka mwisho ambapo walinzi na mgeni wanakumbatiana, watu waifunge gemu wakiwa na furaha. Nimemwambia asubiri. Kila nikiiwasha nakuona wewe.

Nina neno moja tu. Nilichokupa, nilikupa. Hata kikiharibika ni chako, hakina deni, na usije ukaona aibu kunitazama usoni. Ninayemtaka arudi nyumbani ni wewe. Figo ilikuja kukusindikiza tu.

Mdogo wako

Tarehe 11 Aprili

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Pokea salamu pamoja na pumzi ndefu: nimerudi nyumbani. Nimekonda, shati nililojishonea mwenyewe linanipepea kama pazia. Wifi yako mzima, amejipa cheo cha ulinzi. Nikishameza dawa ananiambia nifungue mdomo aangalie chini ya ulimi, mimi, mtu mzima na mvi zangu.

Ndiyo, vidonge nilikuwa navikata nusu, kwa mkasi wa kazi. Sikusikia maumivu yoyote, ndiyo maana nilijiona nimepona. Daktari alinieleza kwamba figo haina kawaida ya kulia mapema. Akauliza nani aliyegundua. Nikamwambia ni mdogo wangu, kwa kunichezesha gemu. Alivua miwani akaifuta, akasema, "Ungekawia wiki chache, tungekuwa tunazungumza mengine."

Imepona. Siyo yote, lakini inatosha kuniweka duniani. Asante, mdogo wangu. Nililala pale nikitafuta neno refu kuliko hilo, sikulipata.

Mchoraji mwambie walinzi awaache walivyo, wasikumbatiane na mtu. Nilidhani Mungu alinipa mara moja nikamaliza kupokea. Kumbe ananipa kila asubuhi, pamoja na glasi ya maji.

Sasa nikuambie la jana, nawe usilitangaze. Wodini walikuwa wanaupima mkojo wangu kwenye chupa, na siku za mwanzo haukujaza hata kikombe cha kahawa. Jana alfajiri niliingia chooni hapa nyumbani, ukatoka kama bomba lililofunguliwa, ukatoka, ukaendelea kutoka. Nikasimama pale pale nikaanza kushukuru kwa sauti. Wifi yako akagonga mlango, akauliza naongea na nani humo.

Nikasema, na Mungu.

"Chooni?"

Nikamwambia asubiri kidogo, sijamaliza, ndiyo kwanza nimefika kwa mdogo wangu.

Kaka yako