Neville, kwa Herufi Kubwa

Mjukuu wangu Amani, mume wangu mdogo wa Columbus,

Nakusalimu kutoka hapa Buffalo, ambako theluji imeziba mlango. Baba yako mdogo wa Louisville ameacha kazi ya ghala, mgongo umemkataa. Mimi nipo.

Umeuliza kama jina letu, Neville, ni la Wanormani, wale wapanda farasi wa Ulaya waliojenga ngome, kama mwalimu wako wa chuo alivyokuambia. Bon, huenda ni lao. Sisi tulilipata kwa mmisionari aliyemtibu baba yangu. Kwa shukrani, baba akampa kaka yangu jina hilo. Kwetu kila mtoto alikuwa na jina lake, la ukoo hatukuwa nalo.

Kaka hakupenda shule. Nilimfundisha kuandika jina lake tu, kwa mkaa ukutani, kwa herufi kubwa. Nilipotaka kuendelea alicheka: "Inatosha, dada. Nimeshajijua."

Vita vilipotutawanya, tulifika kambini bila yeye. Karani akataka jina moja la familia nzima. Babu yako alikuwa anataja lake, nikamkatiza, nikasema Neville. Orodha zilibandikwa ubaoni, na kaka asingeweza kusoma jina lingine lolote. Kila asubuhi nilisimama karibu na ule ubao. Hakuja.

Baba yako alinionyesha picha ya sanduku lako la barua. Umeandika jina kwa herufi ndogo. Liandike upya, mjukuu wangu. Herufi ndogo sikumfundisha.

Bibi yako