Kaka Eli, Kitabu Bado

Kaka Eli,

Mama anakusalimu. Nimemwambia mara ngapi kwamba marehemu hapelekewi salamu, lakini kila akinipigia simu kutoka Moshi lazima anitume kwako, kana kwamba bado uko chumba cha pili hapa Guangzhou. Siku hizi sibishani naye.

Tangu tukuzike, safari ya basi kwenda mji wa Shiling kununua mikoba imekuwa ndefu mno. Nilizoea ukikaa dirishani na ile riwaya yako ya Kijerumani, unanitafsiria huku unajikuna kidevu. Uliacha chuo cha uchungaji ukaja kuuza mikoba, halafu bado ukawa unasumbuliwa na Mungu wa Wajerumani. Nilikucheka, lakini nilikuwa nasikiliza. Katika riwaya hiyo, mchungaji wa mji uliobomolewa na vita anaendesha ibada katika kanisa tupu, na kila Jumapili anakuta kitabu kimoja cha nyimbo kimefunguliwa. Hajui nani anakifungua. Ulisema waandishi wao wa baada ya vita wanarudia swali lile lile: Mungu akinyamaza, ameondoka au anasikiliza? Ukaniuliza mimi. Nikakwambia tushuke, tumefika.

Ulipofariki zilibaki kurasa kumi. Nazisoma kwa kamera ya simu, inanitafsiria Kiswahili kibovu kweli. Kusali ndiko nilikoshindwa. Nafungua mdomo, naona hakuna mtu upande wa pili.

Sasa sikiliza. Marobota yetu bado yanapakwa alama yako, ELI, kwa sababu wakala wetu wa Dar anaijua hiyo. Kwa hiyo hadi leo marehemu anasafirisha mizigo. Jumanne mchana nilikwenda godauni kuibadilisha, niweke jina langu. Yule mzee Mchina anayefunga marobota, uliyemfundisha Kiswahili chake cha kuombea maji, alikuwa ameshapaka ELI juu ya yote. Akaniambia, "Laobani kuja asubuhi. Kuuliza, kitabu bado?"

Laobani ni bosi kwa Kichina, na mzee alikuwa akikuita hivyo wewe tu.

Nikamuuliza, asubuhi ipi? Akagusa ile alama, akanionyesha kidole kilivyoshika rangi. Ilikuwa mbichi: asubuhi ya siku ile ile. Na huyu ndiye aliyenisaidia kufunga sanduku la nguo zako, Kaka, anajua vizuri kwamba umekufa. Habari za kitabu sijamwambia mtu yeyote.

Niliogopa, siwezi kukuficha. Halafu nikiwa pale pale, katikati ya marobota, nikajikuta nasali. Sikujibiwa. Ila sikuona tena kama nazungumza peke yangu.

Pumzika, kaka yangu. Nimekukumbuka hadi nachoka. Alama yako sitaifuta, na ukurasa wa mwisho nimeuacha bila kuusoma. Kesho asubuhi naenda Shiling. Kitabu nitakiweka kwenye kiti chako cha dirishani, kikiwa kimefunguliwa.

Uliza tena. Safari hii sitakwambia tushuke.

Mdogo wako,
Upendo