Kondo Lisilotaka Kutoka

Mdogo wangu,

Huku hatujambo, na mvua imeanza. Redio uliyonitumia inasikika vizuri. Habari njema zimeishia hapo.

Umewapigia simu watu wote isipokuwa binti yako. Hukuwepo kwenye chumba cha ultrasaundi. Daktari aliacha maongezi, akawa anarudisha kile kifaa palepale chini ya kitovu. Binti yako akamtania, "Mbona kimya, Daktari? Ni mapacha nini?" Ndipo akatugeuzia kioo tuone. Kondo la nyuma limeota juu ya kovu la upasuaji aliojifungulia mara ya kwanza, likazama ndani ya ukuta wa kizazi. Tunaliita la nyuma kwa sababu humfuata mtoto; hili halitamfuata. Wakilivuta, damu haitazuilika. Kwa hiyo watamtoa mtoto, kisha watakitoa na kizazi.

Nawe unaniambia, "Dada, wakatalie. Mwanamke bila kizazi ni wa nini?"

Wa nini! Mimi sijazaa hata mmoja, na tulipokimbia kutoka kwetu nilikubeba mgongoni mpaka miguu ikavimba. Siku ile hukuniuliza mimi ni wa nini. Umeuliza kama binti yako atazaa tena. Kama ataishi, hujauliza.

Mwenyewe amekwishakubali, na Jumatatu anapasuliwa. Anaogopa, ila hasemi. Mpigie umwite "mwanangu," na hilo neno lako ulimeze.

Ni mimi dada yako, bado nimekasirika.