Re ya Chini

Jumatano, 7 Mei 2025
Siku ya kumi na mbili tangu tumzike Mwalimu Enoki. Mvua tangu asubuhi. Nimelehemu birika mbili na kandili moja, basi.

Kesho Alhamisi. Miaka yote Alhamisi alikuwa anakuja hapa dukani Mbugani na daftari lake, anatunga nyimbo za bendi ya matarumbeta ya usharika wao, Ikolo. Nyumbani kwake wajukuu wanaimba, wanamvuruga. Nyundo yangu haimvurugi. “Nyundo haina wimbo, Mswahili,” alikuwa ananiambia. Basi nami nagonga kwa nguvu zaidi!

Kabla ya kujaribu chombo alikuwa analowesha midomo kwa maji ya uvuguvugu. Mke wangu Rukaya alikuwa anayaleta bila kuombwa.

Makaburini nilisimama kule zilikoegeshwa pikipiki. Wanabendi walipewa pole. Walimu wenzake walipewa pole. Mimi jamaa mmoja akaniuliza kama ni mimi niliyeleta maturubai. Nikasema si mimi.

Ijumaa, 9 Mei 2025
Baada ya swala Dulla wa vitenge kanitania mbele za watu. Eti Fundi Zubery analia msiba wa kanisani kuliko wenye kanisa, mwaka huu atabatizwa! Wakacheka. Nami nikacheka.

Jana sikufungua duka.

Jumanne, 13 Mei 2025
Gwamaka amekuja, yule kijana aliyeachiwa bendi. Kaleta besi kuukuu — lile tarumbeta kubwa kuliko yote. Wamepata vyombo vipya. Hii kuukuu itawekwa mbele kanisani, kando ya picha ya Mwalimu, siku ya ibada ya kumshukuru Mungu kwa maisha yake. Jumapili ya tarehe moja Juni. Anataka niinyooshe mabonyeo na kuing’arisha.

Nikauliza watapiga nini. Nyimbo zake tano, na ule wa mwisho kuutunga, “Tumevuka Mbaka”, mto wa huku kwetu.

“Ila Fundi, Mzee alikuwa na ugonjwa mmoja.”

“Ugonjwa gani tena?”

“Re ya chini. Kila inapotakiwa, besi inanyamaza. Kila wimbo! Miaka yote hiyo! Nilikosoma mimi wangemsahihisha siku ya kwanza.”

Akafungua karatasi. Kila pengo kalijaza herufi ndogo kwa kalamu nyekundu. Kazi safi, haina dharau. Kijana anampenda Mwalimu, hilo naliona. Anataka tu asikike vizuri.

Alipoondoka nikabonyeza kibonyezo cha tatu cha ile besi, nikapuliza. Hewa haipiti. Vilevile kama siku ile.

Jumatano, 14 Mei 2025
Nitaandika hapa, maana hakuna nilipopata kuisema.

Masika ya 1994. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, duka halijatimiza mwaka. Usharika ukaniletea besi, kibomba cha kibonyezo cha tatu kimeachia. Kazi ndogo. Nikaipasha moto kupita kiasi — haraka tu, na kutaka sifa. Risasi ya kulehemia ikayeyuka, ikatiririkia ndani, ikaganda. Nikapasha tena. Ikazidi kwenda ndani. Mara ya tatu nikaacha, nikakaa chini.

Mwalimu akaja na wazee wawili wa kanisa, sasa marehemu wote. Wale wakabaki barazani wanakwepa mvua. Yeye akaingia, akalowesha midomo, akapuliza. Do, sawa. Fa, sawa. Re ya chini — kimya. Akapuliza tena. Akanitazama.

Akatoka barazani. Nikamsikia: “Fundi kajitahidi sana. Kibonyezo hiki kilitoka kiwandani kibovu.”

Angesema kweli ningefunga duka. Nani angemletea kazi mgeni, tena wa dini nyingine, aliyeua besi ya kanisa?

Akarudi ndani kuichukua, akaniinamia sikioni. “Mswahili, hii re ya chini tumeisamehe.”

Tangu siku ile hakuiandika tena. Nyimbo zaidi ya mia mbili! Kila wimbo ukifika pale, besi inasimama, wengine wanaendelea, inaingia tena mbele. Na watu walivyoizoea! Misibani wazee wa Ikolo wanaijaza wenyewe kwa vifua, mmm, midomo imefungwa. Mwalimu akifika pale alikuwa anafumba macho. Nikiwepo nami, kule nyuma, nilikuwa natazama viatu.

Jumapili, 18 Mei 2025
Nimekwenda Ikolo kumwona mjane, Mama Winnie. Nikamsalimia kwa lugha yao, “Mwagonile, shemeji.” Akaitikia kwa sauti ndogo. Kakonda. Akanipakulia wali na samaki, akakaa ananitazama ninavyokula.

“Shemeji, eti mume wangu alikuwa hajui besi?”

Nikarudisha tonge sahanini. Kumbe Gwamaka kazieleza zile kalamu nyekundu kwenye kikao cha wazee, na mzee mmoja kasema hata yeye siku zote alishangaa. Sasa maneno yamefika kisimani.

“Kanifundisha mimi kuimba, niliyekuwa kama chura,” anasema. “Leo hajui besi! Wewe ulikaa naye kila Alhamisi. Alikosea?”

“Hakukosea.”

“Basi ilikuwa nini?”

Nikaomba maji ya kunawa.

Winnie, binti yao, akanisindikiza hadi barabarani. Ana mwendo wa baba yake, bega moja liko chini kidogo. Nikageuka kumtazama mara mbili.

Jumamosi, 24 Mei 2025
Besi inang’aa. Bado iko hapa.

Nikinyamaza, Mwalimu atabaki mtu asiyejua besi. Mbele ya mke wake! Nikisema, Gwamaka atakuwa amepata sababu — ulikuwa ubovu wa chombo, sasa kuna kipya kizima, jaza. Na pengo litakwisha. Hakuna kingine cha kuonyesha kwamba tulikuwa marafiki. Hatukupiga hata picha.

Alhamisi, 29 Mei 2025
Nimemwambia Rukaya. Alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama.

“Miaka thelathini na moja umelala na mimi na hili lako moyoni?”

“Ndiyo.”

“Na mimi nampelekea Mwalimu maji ya uvuguvugu, kumbe mwenzangu ananisitiria mume!” Akapepeta kidogo. Akasimama tena. “Kawaambie, Baba Aisha. Hawatakula. Wakikula, nyama yenyewe ngumu.”

Jumamosi, 31 Mei 2025
Nimesema.

Mazoezi yalikuwa nje ya kanisa, saa tisa. Nikaishusha besi kuukuu kwenye bajaji, nikawaomba waniazime dakika tano. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea. Nikasema tu: niliiharibu mimi. Mwalimu alijua. Alinificha.

Mzee Yakobo, aliyeipuliza besi hiyo tangu zamani na hakuwepo kwenye kile kikao, ndiye wa kwanza. “Kwa hiyo ulikuwa wewe! Mimi nimekilaani kiwanda cha Wazungu wa watu miaka yote!” Vicheko. Mama Winnie, aliyekuja kusikiliza, naye akacheka — mara ya kwanza tangu msiba. Kisha kilio kikamshika hapohapo. “Hata mimi hakuniambia, shemeji. Hata mimi!” Nikashindwa kujua ni furaha au ni wivu. Akanishika mkono wangu kwa mikono miwili. “Ndaga fijo.” Ananishukuru! Mimi!

Gwamaka alikuwa ameinama. Akaniomba radhi, akawaomba na wazee radhi kwa yale ya kikaoni. Kijana muungwana. Kisha akasema lile nililolitarajia. “Basi Fundi, umenisaidia. Mzee aliitaka re, akakosa chombo. Sasa chombo kipo. Tumpe.”

Mzee Yakobo akakataa. Watu wamezoea, na wao je, vifua vyao? Wakaanza kubishana. Gwamaka akasema tusikilize kwanza. Wakapiga “Tumevuka Mbaka” kwa besi mpya, pengo limejazwa.

Nilidhani nitachukia.

Ilikuwa nzuri mno. Re ikaingia pale chini, pana, wimbo mzima ukatulia juu yake. Ndipo nikaelewa — hii ndiyo aliyokuwa anaisikia akifumba macho. Kila Alhamisi alikuwa anaisikia, anairuka, na mimi nagonga nyundo pembeni. Nikalia mbele ya watoto wa watu, sikujali.

Wakapiga tena, bila re. Wazee waliokuwa wamekaa ukutani wakaijaza kwa vifua. Nayo pia! Siwezi kuieleza.

Ubishi ukarudi palepale. Wote wakamgeukia Mama Winnie. Akafuta uso kwa khanga. “Mimi sikuwamo kwenye siri hii,” akasema. “Siri ilikuwa ya watu wawili. Amebaki mmoja. Shemeji, chagua wewe.”

Nikaomba hadi kesho.

Jumapili, 1 Juni 2025
Ibada saa tatu. Sasa saa mbili na nusu. Gwamaka kapiga simu mara mbili, sikupokea.

Nataka aipate re yake. Kaisubiri vya kutosha, tena kwa ajili yangu. Lakini nikiiwaza besi inapita pale bila kusimama, ni kama namwona Mwalimu anapita barabarani mbele ya duka, ana daftari kwapani, haingii.

Rukaya anasema lolote nitakalosema litakuwa sawa. Si kweli, na yeye anajua.

Simu tena. Mara hii Mama Winnie. Nimepokea.

Ananiambia viti vimejaa, watu wengine wamesimama nje, na Gwamaka yuko hapo pembeni yake na zile karatasi. “Tunakungoja wewe tu, shemeji. Niambie nimwambie.”

Nikamwambia asubiri kidogo, navaa viatu.

Anasubiri. Simu iko hapa mezani, haijakatwa. Nasikia watu wanasalimiana huko, na mtu anajaribu tarumbeta, anashusha sauti ngazi kwa ngazi. Nasikia na pumzi yake Mama Winnie.

Viatu nimevaa tangu alfajiri.