Swali Moja Nililopata kwa Bahati Mbaya

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kabla ya msaada naomba kwanza unipongeze, maana sijui kama habari zimefika huko gazetini: mimi ndiye mama yake Tekla. Tekla wa Kilwa Masoko, aliyepata divisheni wani ya pointi saba kwenye mtihani wa taifa wa kidato cha pili, yaani A mwanzo mpaka mwisho, hesabu A, fizikia A, hata hicho Kiingereza kinachowatoa watu jasho A, wa kwanza shule nzima, wavulana wote wako nyuma wanahema. Siku matokeo yalipotoka nilikwenda kwenye duka la kuchapisha karatasi pale karibu na stendi, kijana anashusha orodha kwenye kompyuta, nikamwambia baba shusha polepole usije ukampita mwanangu, akanijibu, "Mama, huyu hapitwi, huyu ndiye anayewapita wenzake." Nikamwambia anichapie nakala mbili na moja aipige plastiki, sasa inaning'inia juu ya meza yangu ya vitumbua, na mteja akiniuliza vya leo vina nazi, namjibu vina nazi na vina divisheni wani.

Watu wanasema najisikia. Najisikia, ndiyo, kwani nimeiba? Tangu Tekla yuko darasa la tano hakuna daftari lake hata moja lililofungia vitumbua, yote nimeyatunza kwenye sanduku langu la vitenge, na kila alfajiri mkono mmoja unageuza vitumbua na mwingine umeshika karatasi za mitihani ya miaka ya nyuma, namuuliza sayansi, maarifa, Kiswahili, akikosea najua kabla sijatazama jibu. Sasa maswali yamekuwa ya Kiingereza, nasoma tu kama yalivyoandikwa, naye anacheka mpaka anaketi chini, lakini anajibu.

Sasa shida yangu. Mwalimu Benadetha, mkuu wa shule yao, amekuja mezani kwangu, akala viwili, akafuta mdomo, akasema, "Mama Tekla, Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu tuna mkutano wa wazazi wa kata nzima, na wa darasa la saba watakuwepo maana watoto wao wanakaribia mtihani. Nataka usimame uwaeleze siri ya malezi." Nikamuuliza nina dakika ngapi, akasema kumi, nikamwambia mwalimu kumi hazinitoshi. Tekla akafurahi, akakaa akaniandikia hotuba kwa mwandiko wake ule mzuri, na mstari wa kwanza kabisa ameandika hivi: "Mama yangu naye alikuwa wa kwanza darasa la saba, ila nafasi za sekondari zilikuwa chache."

Mshauri, huo ni uongo, na ni wangu. Ndivyo nilivyomwambia tangu mdogo, ndivyo nilivyomwambia baba yake kabla hajanioa, mtaa mzima wanajua hivyo.

Ukweli ni huu. Tulikuwa tunakaa Miteja, wazazi wangu walihamia huko kutoka Newala kufuata mashamba. Mwaka niliokuwa darasa la saba mama yangu aliugua, hanyanyuki, nyuma yangu kuna wadogo wanne, na mikorosho inakaribia kuangusha. Wiki ya mtihani baba yangu, mzee Xaveri, akaniita, hakunipiga wala hakupaza sauti, akaniambia, "Veronika, ukifaulu serikali itanitaka nikupeleke shule, nisipokupeleka nitafungwa. Sasa mama yako atabaki na nani? Nenda kajaze makosa." Nikajaza. Mtihani wa maarifa ulikuwa na maswali hamsini ya kuchagua herufi, nikawa nasoma swali, nalitafuta jibu, nikishaliona naliacha nachagua la jirani yake. Mwalimu Alfonsi, aliyekuwa amewatambia walimu wenzake kuwa mimi ndiye wa kwanza wake, alifunga safari mwenyewe mpaka wilayani kuulizia, akarudi akanikuta uwanjani, akasema, "Veronika, maarifa umepata moja." Akaingia ofisini akafunga mlango. Moja katika hamsini, mshauri! Hata mbuzi angepata zaidi. Na hilo moja nalijua, ni la ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika. Mimi nilidhani ni Viktoria, nikalikwepa, nikaweka Tanganyika, kumbe ndiyo yenyewe. Hata kukosa nilikosea.

Ningekaa na uongo wangu mpaka kufa, ila kuna huyu mdogo wangu Damiani, ambaye enzi hizo alikuwa bado anatambaa, hajui lolote. Binti yake Anjelina yuko darasa la saba mwaka huu, mtoto ana akili nyepesi, Tekla ndiye anayemfundisha. Juzi Anjelina amemnong'oneza Tekla kuwa baba yake amemwambia mtihani ukifika ajaze A maswali yote, asisome hata swali. Nikamfuata Damiani kwake, nimejifunga kibwebwe, nikamwambia mtoto ana kichwa huyu, usimzibie. Akacheka. "Dada, wewe si ulifaulu wa kwanza? Faida yake iko wapi? Si upo hapo na kikaango? Bora wangu afeli mapema, nisije nikafungwa bure." Mshauri, mimi mdomo wangu unajulikana stendi nzima, lakini siku hiyo nilikosa neno, nikageuka nikaondoka.

Nikisema ukweli siku ya mkutano, namvua nguo baba yangu mbele ya kata nzima, maana anakuja, ameshafua na shati lake jeupe. Na baba mwenyewe simwelewi. Matokeo ya Tekla yalipotoka nilimpigia simu, akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata, kesho yake akanitumia jogoo kwa basi, na konda akanipa maneno yake: "Mzee kasema huyu ni wa Veronika, si wa mtoto." Nikakasirika, kwani aliyefaulu nani? Tukamchinja tukamla na wali. Na Tekla je, akijua mama yake ni mwongo na alipata moja, si atanidharau? Lakini nikisoma hotuba kama alivyoiandika, nitakuwa kama namtazama Anjelina usoni nikisoma. Nifanye nini, mwenzio sili vizuri.

Ni mimi mama wa Kilwa. Majina nimeyabadili yote, hata la Tekla, na hilo ndilo lililoniuma, maana nilitaka nchi nzima ilijue.

MSHAURI ANAJIBU

Mama Tekla, hongera. Umeidai, nimekupa, na mtoto anaistahili kila herufi. Ile karatasi ya plastiki iache hapo hapo ilipo. Sasa vuta kigoda tuongee, maana nina la kukugombeza.

Uongo wako ulikuwa mdogo wakati unakufariji wewe peke yako. Leo umekua, una miguu, umehamia nyumbani kwa Damiani na unamfundisha mwanawe kujaza A. Mdogo wako hakutoa hoja kichwani mwake, ameitoa kwako: kama dada aliyefaulu wa kwanza ameishia hapo, kufaulu kuna nini? Ulikosa neno kwa sababu neno pekee la kumjibu ni lile unalolificha. Kwa hiyo hotuba hiyo huisomi. Mtoto asisimamishiwe uongo wa mama yake mbele ya walimu wake.

Kuhusu hiyo moja yako, umenishangaza. Unaona haya ya nini? Mtu asiyejua kitu, akifumba macho akajaza herufi ovyo, katika maswali hamsini hakosi kuokota manane, au kumi. Wewe umepata moja. Ili mtu apate moja lazima awe anajua arobaini na tisa. Kaa na Tekla, si siku ya mkutano, leo, mpe hesabu hiyo aipige mwenyewe. Ana A ya hesabu, hatahitaji kuelezwa mara mbili. Umemdanganya, muombe radhi kwa hilo. Kudharauliwa ondoa kabisa.

Halafu panda basi uende Miteja kabla ya Jumamosi. Baba yako usimvizie mkutanoni, hiyo ni dhambi nyingine. Lakini mama, una masikio kweli wewe? Mzee amenyamaza kwenye simu, kesho yake ametuma jogoo na maneno kwamba ni wako, si wa mtoto. Baba yako ameshaomba radhi, nawe umeila na wali! Nenda ukamwambie imefika. Muulize kama utaruhusiwa kuisema habari ile, na muulize pia kama atakuja naye kwa Damiani. Aliyekuwa na mke mgonjwa na watoto watano alibanwa, namwelewa, simsifu. Damiani hana mgonjwa, ana uvivu wa kufikiri tu, na atasikia vizuri zaidi kutoka kwa mzee kuliko kutoka kwako. Mzee akikataa, jina lake liache nje, ukweli wako wewe bado ni wako. Na kwa Damiani utakwenda peke yako na umwambie yote, Anjelina akiwepo, asikie kwa masikio yake kwamba shangazi yake alitumwa kukosa, kama anavyotumwa yeye sasa.

Jumamosi simama. Mwalimu Benadetha akikuuliza siri ya malezi, mjibu kuwa umemlea mtoto kwa majibu arobaini na tisa uliyokuwa umeyaficha. Kisha keti. Dakika kumi hutazimaliza.

Jumatatu yake, kabla hujapoa, nenda ofisi ya elimu ukaulize habari za masomo ya watu wazima. Watu wa umri wako wanakaa mtihani wa kidato cha nne kila mwaka, na wanatoka na vyeti. Vitumbua utaendelea kugeuza kama kawaida, ila karatasi ya maswali sasa aishike Tekla, na kicheko iwe zamu yake kukizuia.

Na safari hii, Veronika, ujaze unachokijua.