Dirisha Lililoandikwa MAZOEZI

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla sijakosana na ukoo mzima. Mimi ni fundi wa kompyuta katika maabara ya hospitali na mkuu wangu ni shemeji yangu, mume wa dada, aliyenifundisha kazi yenyewe, na kazi tunaifanyia kwenye yale madirisha meusi ya kuandikia amri, moja la kuingilia kompyuta ya mazoezi, ambayo huwa tunaifuta na kuanza upya, jingine la kuingilia kompyuta yenye majibu ya wagonjwa, na yanafanana kama mapacha, basi nikayaandikia majina juu, moja MAZOEZI, jingine WAGONJWA, nikaishi kwa raha mpaka wiki iliyopita nilipotoka kunywa chai, shemeji akakaa kwenye kiti changu, akaona MAZOEZI, akafuta kila kitu, kumbe dirisha hilohilo nilikuwa nimelitumia kuingia kompyuta ya wagonjwa na jina la juu halikubadilika, majibu ya damu ya asubuhi nzima yakapotea, watu wakaitwa upya kuchomwa sindano, na bibi mmoja ambaye mishipa yake haionekani akaniuliza, "Mwanangu, ile ya kwanza mmeimwaga?" nikakosa pa kuficha uso.

Sasa shemeji amepiga marufuku majina, eti "Fundi wa kweli anajua yuko wapi bila kibandiko," dada hanisalimii, mama anasema nitii yaishe, lakini mimi najua bila majina ajali itarudi, na sitayafuta hata nikifukuzwa. Nimekosea wapi?

Fundi Mbishi

*

Fundi Mbishi,

Pole. Pole zaidi kwa yule bibi, maana nyie mnashindana na anayechomwa ni yeye.

Nianze na wewe. Uliingia kwa wagonjwa, ukaacha juu jina la mazoezi, ukaenda zako kunywa chai. Kosa hilo ni lako, usilizungushe. Shemeji yako naye, nani alimtuma kufuta vitu kwenye kiti cha mtu bila kumngoja amalize kikombe? Kuuliza si ujinga. Halafu anapiga marufuku majina! Chupa moja ikikutwa na lebo ya uongo, hamtabandua lebo za maabara nzima.

Mimi kompyuta naijua kuwasha na kuzima, kwa hiyo nilimfuata fundi wa hapa gazetini. Alicheka mpaka akavua miwani. "Huyu kaandika jina kwa mkono," akasema, "na la mkono halibadiliki lenyewe. Mwambie kila kompyuta ijitaje." Yaani amri ya kuandika jina iwekwe katika faili la mipangilio la kompyuta zote mbili, lile linalosomwa mtu anapoingia, na jina liandikwe upya kila kompyuta inapokuwa tayari kupokea amri. Ukiingia ya wagonjwa, juu panageuka WAGONJWA bila wewe kugusa. Ukirudi, panarudi MAZOEZI. Ukiweka upande mmoja tu, umerudi kulekule.

Basi kesho asubuhi nenda kwa shemeji yako useme, "Shemeji, niliacha jina la uongo, nisamehe." Ishia hapo. Ukiongeza "lakini" umeharibu. Kisha weka amri hiyo kwenye kompyuta ya mazoezi kwanza aione, na mwombe ile ya wagonjwa muiweke pamoja, yeye akiwa kwenye kiti, aingie na kutoka mwenyewe mpaka aridhike. Akikataa, nenda kwa mkuu wa maabara bila woga, maana hapo ni usalama wa wagonjwa na ubishi wako huo utakuwa umepata kazi ya maana. Dada atakusalimia tu. Mama mwambie ndugu wakigombana, yeye ashike jembe akalime.

Mkimaliza, nendeni wote wawili kwa yule bibi. Alikuuliza swali, na mpaka leo hajajibiwa.